Mvua ya Kavumu

Simu ililia Chadia akiwa bado na mswaki mdomoni. Alitema povu kwenye majani, akajifuta kwa pembe ya kitenge, akasogea hadi kwenye mkalitusi ulio ukingoni mwa uwanja wa shule. Ndani ya chumba chake mtandao haushiki. Chumba chenyewe ni stoo ya zamani ya chaki na majembe, nyuma ya darasa la sita, na shule ilimpa akae humo kwa sababu alitoka Uvira na hapa Bukavu hana ndugu wa kumpokea.

"Madame Chadia, umeamukaka muzuri?"

"Salama, Gisèle. Niambie, huko vipi?"

"Huku ni mubaya. Mvua inanyesha tangu giza. Niko chini ya shitingi na maharagi yangu, hakuna hata mutu moja anasimama kununua. Barabara imegeuka matope."

"Wingu limekaa upande gani?"

"Upande yote, ndugu yangu. Sioni hata uwanja ya ndege, na iko hapa karibu tu."

Gisèle alikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule hii hii, hadi alipochoka kufundisha kwa mshahara usiofika, akarudi kwao Kavumu kuuza maharagwe kando ya barabara. Hawa wawili hawakuacha kupigiana simu. Zaidi ya urafiki kulikuwa na kazi. Mvua ya Bukavu, mara nyingi, hupitia Kavumu kwanza. Wingu hujaa kwenye mlima wa Kahuzi, linawalowesha watu wa Kavumu, halafu linafuata ziwa taratibu hadi mjini. Gisèle akisema kwao kunanyesha, Chadia huwa na muda wa kunywa chai na kuamua.

Na kuamua ndiko kulikokuwa mzigo wake. Chini ya mkalitusi ule kilining'inia chuma cha gurudumu la lori, na pembeni yake nondo fupi ya kukipigia. Ng'ambo ya pili ya korongo, kwenye mteremko uliojaa nyumba za mbao na mabati zilizopandana hadi paa la mmoja linakuwa ua wa mwenzake, wazazi huamka na kutega sikio. Chuma kikilia, watoto wanavaa nguo za shule, shati jeupe na bluu chini, wanashuka korongoni, wanaruka juu ya mawe, wanapanda hadi darasani. Chuma kisipolia, wanabaki nyumbani. Ni hivyo tu. Hakuna ujumbe wala radio.

Zamani aliyeamua alikuwa Direkta Cyprien, mkuu wa shule, kwa simu, kutoka nyumbani kwake chini karibu na ziwa, mahali ambapo mvua hunyesha juu ya vigae na kwenda zake kwenye mfereji wa saruji. Siku moja alisema pigeni. Wakapiga. Maji yalishuka kutoka mlimani watoto wakiwa katikati ya mawe, na Nathalie wa darasa la nne hakufika ng'ambo. Alikutwa chini kabisa, karibu na ziwa, mkoba wake ukiwa bado mgongoni. Alikuwa wa darasa la Chadia. Nafasi yake kwenye benchi la pili bado iko wazi, na wenzake hubanana upande mmoja bila kuambiwa.

Baada ya msiba wazazi walikutana. Baba yake Nathalie, fundi mwashi anayeitwa Bulonza, ndiye aliyesimama na kusema chuma kipigwe na madame Chadia peke yake, kwa mkono wake, kwa kuwa yeye ndiye anayelala juu ya korongo na kuona mbingu. Wote waliitikia. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Walisema ni heshima. Tangu heshima hiyo imfikie, hakuna tena mtu anayemuuliza Chadia kama alilala vizuri au kama amekula. Wakikutana naye sokoni wanamuuliza, "Madame, kesho iko namna gani?" Wakijibiwa wanaendelea na safari zao.

Asubuhi hii aliinua macho. Upande wa Kahuzi palikuwa peusi kama sufuria. Ziwa halikuonekana, ukungu ulilifunika lote, na milima ya Rwanda ng'ambo yake haikuwepo kabisa. Upepo ulikuwa umetulia. Chadia aliishika ile nondo, akaipima mkononi.

Jambo moja lilimzuia. Wazazi walikuwa wameomba daraja. Si daraja kubwa, ni kidaraja cha watu wa miguu, chuma na mbao, cha kuvusha watoto. Ofisi ya elimu ilikuwa imejibu, baada ya kubembelezwa sana, kwamba wiki hii itatuma watu kuangalia. Haikusema siku. Wakija leo wakute shule imefungwa, watasemaje? Lakini pia, wakija leo wakute watoto wamo ndani ya maji?

Alimfikiria Gisèle chini ya shitingi yake ya plastiki. Alilifikiria benchi la pili. Akairudisha nondo mahali pake, taratibu, isije ikagusa chuma kwa bahati mbaya.

Ng'ambo, mlango mmoja uliokuwa wazi ulifungwa. Halafu mwingine. Aliingia ndani, akachemsha chai, akakaa kungoja mvua.

Mvua haikuja.

Kwanza ukungu ulitoka ziwani kidogo kidogo. Kisha jua likachungulia juu ya Rwanda, likapanda, likaanza kukausha bati la shule hadi likawa linalia lia. Wingu jeusi la Kahuzi lilikuwa limekatika vipande na vipande vilikuwa vinaelekea ziwani, upande wa kisiwa cha Idjwi, huko ambako hana mwanafunzi hata mmoja. Kufikia wakati wa mapumziko ya kawaida, mbingu ilikuwa safi kiasi cha kutia aibu.

Chadia alitembea darasa kwa darasa. Walimu wenzake wote wanakaa ng'ambo, na wao pia husikiliza chuma. Aliandika somo la kesho ubaoni, akalifuta, akaliandika tena kwa mwandiko mzuri zaidi. Shule bila watoto ina harufu ya vumbi na mkojo wa popo, na mtu huisikia vizuri akiwa peke yake. Alifungua madirisha. Kutoka korongoni zilipanda kelele za watoto wake wakicheza mpira kwenye mawe makavu, wakifurahia likizo aliyowapa. Hakuna aliyemwita. Angetamani mmoja tu amwite, hata kwa kumcheka.

Alipotoka kwenda kuchota maji, wamama waliokuwa kwenye foleni ya bomba waligeuka kumtazama.

"Madame," mmoja alisema, "leo umetufunga mikono. Mimi nimeacha mutoto na mutoto mwenzake ndani ya nyumba, mimi naenda kuuza nini?"

"Kavumu kunanyesha, mama."

"Kavumu ni Kavumu. Sisi tuko huku."

Wengine walicheka. Si kicheko kibaya, lakini Chadia alibeba ndoo yake akaondoka kabla haijajaa.

Alipofika uwanjani alikuta pikipiki mbili zimesimama chini ya mkalitusi na Direkta Cyprien akizunguka mlango wa darasa la kwanza kama mtu aliyepoteza funguo. Alikuwa amevaa tai. Pamoja naye alikuwepo mwanamume mnene mwenye viatu vilivyong'arishwa, na msichana mwenye kofia ya ujenzi na utepe wa kupimia.

"Madame Chadia! Nimekupigia simu asubui yote."

"Nilikuwa ndani ya darasa, Direkta. Ndani haishiki."

"Huyu ni Inspekta Xavier, wa ofisi. Na huyu ni enjenia, mademoiselle Larissa. Wamekuya juu ya daraja." Direkta alichungulia darasani. "Batoto beko wapi?"

"Wako nyumbani. Sikupiga chuma."

"Juu ya nini?" aliuliza Inspekta.

"Kwa ajili ya mvua."

Wote wanne waliangalia juu. Hakuna aliyetaka kuangalia juu, ila shingo zilijipeleka zenyewe. Jua lilikuwa pale, peke yake, limejaa.

"Mi sikujua," Direkta alisema haraka. "Kule kwangu jua iliwaka mapema. Nilizania beko ndani."

Larissa alikuwa ametoa simu yake. "Simu yangu pia inasema mvua," alisema kwa sauti ya chini. "Inasema inanyesha sasa hivi, hapa Bukavu."

"Simu iseme yake," Inspekta alijibu. "Mimi niko hapa, niko mukavu. Tuende tuone huo muto."

Walishuka. Chadia alitangulia kuwaonyesha njia kwa hatua za haraka, kwa kuwa bado alikuwa na tumaini. Korongo ni korongo, alijiambia. Mtu mwenye macho ataona jinsi lilivyokatwa ndani ya mlima, ataona mizizi iliyobaki hewani, atajua. Lakini walipofika chini walikuta watoto wanacheza. Magoli yalikuwa mawe mawili. Katikati kulikuwa na kijito chembamba ambacho bata angekikanyaga asilowe magoti. Inspekta Xavier alivuka hadi ng'ambo, akarudi, akaviangalia viatu vyake. Vilikuwa vinang'aa vile vile.

"Muto iko wapi?" aliuliza.

"Maji hutoka juu, Inspekta. Ikinyesha kule juu, yanashuka yote kwa mara moja. Yanafika hapa." Chadia aliweka mkono kwenye ukuta wa udongo, juu ya bega lake.

"Alama yake iko wapi?"

Alama ilikuwepo. Ilikuwa kwenye ukuta wa nyumba ya mwisho, mstari wa matope uliokaa muda mrefu, na kila mtu wa mtaa aliujua. Mwenye nyumba alikuwa ameupaka chokaa juzi, kwa sababu binti yake anaolewa. Chadia aliuangalia ukuta mweupe, akaushusha mkono.

Bulonza alikuwa ameshuka kutoka nyumbani kwake, mikono ikiwa na saruji. Alisalimia kwa kuvua kofia.

"Maji ilifika hapa," alisema, akajigusa kifua. "Niliingia mimi mwenyewe. Nilikuwa natafuta mutoto wangu."

Watoto waliacha mpira. Inspekta naye alivua miwani, akamshika Bulonza mkono kwa mikono yake miwili, na huruma yake ilikuwa ya kweli. "Pole sana, papa. Pole sana. Hiyo minaielewa. Lakini muko na korongo mingi katika mji huu, na pesa ya daraja ni ya daraja moja. Nitaenda kusema nini kwa wakubwa? Watataka foto." Alimgeukia Larissa. "Piga foto."

Larissa alipiga. Picha ilionyesha watoto wenye afya wakicheza mpira kwenye jua. Alipiga nyingine akiwa amechuchumaa, akijaribu kulifanya korongo lionekane refu, na Chadia alimshukuru moyoni kwa jaribio hilo.

Walipokuwa wanapanda kurudi, msichana huyo alibaki nyuma, akasogea karibu na Chadia.

"Madame, siku maji inajaa, utupigie simu. Tutakuya tuone."

"Siku maji yanajaa, pikipiki hazipandi huku, binti yangu."

Larissa aliifikiria njia waliyokuja nayo, udongo mwekundu na mteremko. "Ni kweli," alisema. "Hazipandi."

Uwanjani, Inspekta alisimama mbele ya chuma. Alikigonga kidogo kwa kucha, kikatoa sauti ndogo, na ng'ambo mama mmoja alichungulia mlangoni.

"Hii kitu," alisema, "nani alikupa ruhusa ya kuamua nayo?"

"Wazazi."

"Wazazi hawafungi shule. Direkta hafungi shule. Ofisi njo inafungaka. Kama kuko hatari, tutatangaza kwa radio. Kuanzia kesho chuma inapigwa kila siku. Inyeshe, isinyeshe. Tumeelewana, Direkta?"

"Tumeelewana, Inspekta."

"Ofisi yenu ina dirisha?" Chadia aliuliza.

"Dirisha ya nini?"

"La kuona huku."

Inspekta alimtazama kwa muda, akitafuta kama ametukanwa. Hakupata uhakika. Alipanda pikipiki. Direkta Cyprien alichukua nondo pembeni ya chuma, akaiweka kwapani chini ya koti lake, akasema bila kumwangalia machoni, "Nitamupa mwalimu Guy. Yeye ni kijana, atawahi kufika. Wewe pumuzika kidogo, madame. Unaogopa sana tangu ile siku." Aliyasema kwa wema. Wema wake ndio uliouma.

Pikipiki zikaondoka. Chadia alibaki na chuma kisicho na kitu cha kukipigia. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona hasira, kwa sababu hata hasira hiyo hakuwa na mtu wa kumpelekea. Alikuwa amekosea kweli. Hilo halikuwa na ubishi. Alikosea siku moja ya jua, na kwa kosa hilo kidaraja kimekwenda kwenye korongo la watu wengine. Direkta alikosea siku moja ya mvua, na bado ni direkta.

Jua lilipokuwa linashuka, Gisèle alipiga.

"Ilifika?"

"Haikufika."

"Haiwezekani. Ilienda wapi?"

"Ziwani. Imewanyeshea samaki."

Gisèle alicheka, halafu akasikia kwamba Chadia hacheki. Chadia alimweleza yote: viatu, picha, ukuta uliopakwa chokaa, nondo chini ya koti. Upande wa pili lori lilipita likipiga honi ndefu.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuambia tu kile nilikuwa naona."

"Hukusema uongo. Kwenu kulinyesha."

"Sasa kesho nisikupigie tena? Maana chuma haiko tena mu mikono yako."

Chadia hakuwa amelifikiria hilo. Aliangalia taa za kwanza zikiwashwa ng'ambo, kila moja na familia yake ikipakua bugali. Ghafla aliogopa ukimya wa asubuhi kuliko alivyoogopa maji.

"Nipigie," alisema. "Hata ukiniambia tu umeamka."

Asubuhi iliyofuata, Gisèle aliwahi kuliko kawaida. "Nimeamuka," alisema. "Na inanyesha. Kushinda jana."

Chadia aliangalia Kahuzi. Palikuwa peusi. Upepo ulikuwa umetulia. Ziwa lilikuwa limefunikwa. Ilikuwa jana ile ile imerudi, na hakujua, hakujua kabisa, kama wingu hilo litakuja mjini au litakwenda tena kwa samaki. Aliwasha radio ndogo. Kwaya iliimba, kisha tangazo la sabuni, kisha matangazo ya vifo. Ofisi haikusema kitu.

Mwalimu Guy alifika akihema, nondo mkononi. "Nisamehe, madame. Ni Direkta."

"Piga, Guy. Usijali."

Kijana alipiga. Alipiga kwa nguvu kuliko alivyopiga yeye siku zote, na ng'ambo milango ilifunguka mmoja baada ya mwingine. Chadia aliingia chumbani, akachukua mwavuli wake, akashuka korongoni.

Alisimama katikati, kwenye jiwe kubwa, kijito kikipita pembeni mwa viatu vyake vya plastiki. Watoto walikuja. Alimshika kila mmoja mkono, akamvusha, ingawa hapakuwa na kitu cha kuvuka. Wengine walicheka, wakarudi ili wavushwe tena. Bulonza alikuja mwisho, akiwaongoza wanawe wadogo.

"Baba Nathalie," Chadia alisema, "Kavumu kunanyesha."

Bulonza aliangalia juu mlimani. Aliangalia kwa muda mrefu. Kisha aliwaachilia watoto mikono.

"Chuma imelia, madame," alisema. "Ikilia na sisi tukabakisha batoto, watasema hatutaki shule, na daraja haitatoka tena hata siku moja." Sauti yake ilikuwa ya chini na ya kuomba radhi. Chadia alinyoosha mkono, akawapokea watoto, mmoja kisha mwingine, akawapitisha. Baba yao hakungoja kuwaona wakipanda.

Korongo likabaki tupu. Kutoka juu, darasa la nne lilianza kupiga kelele, kwa kuwa mwalimu wao hakuwa ameingia. Chadia alijua anapaswa kupanda. Alijua pia kwamba adhuhuri watoto wote hao watashuka mbio na njaa yao, na kwamba maji yakija kabla yao, lazima awepo mtu chini hapa wa kuwazuia. Alikung'uta jiwe kwa kitenge, akakaa, uso ukiwa umeelekea mlimani.

Simu ililia. Ilikuwa ni Direkta.

"Madame Chadia, uko wapi? Guy ananiambia darasa yako iko peke yake."

"Niko kwenye daraja, Direkta."

"Daraja gani? Pale hakuna daraja."

"Ndiyo, Direkta," alisema Chadia. "Hata mimi naliona hilo."

Chadia alisikia pumzi ya Direkta, na nyuma ya pumzi hiyo maji ya bomba yakimiminika nyumbani kwake. Alikata simu, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akaulaza mwavuli kwenye magoti. Kisha akaendelea kuangalia juu, akiingoja mvua ya Kavumu, ije au isije.